Unga wa Somo la Mikono

Katika enzi ya Wadachi, yaani Wajerumani, nilitoka chuoni Tanga nikapangiwa shule ndogo milimani Uluguru, nikiamini kwamba mtoto asiyeumba kitu kwa mikono yake hajasoma. Udongo sikuthubutu kuugusa. Huko ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na mwanamume akiugusa udongo, husemwa vyungu vitapasuka motoni. Basi nilinunua unga wa ngano kwa Mhindi mjini Morogoro, nikaukanda kwa maji, mafuta kidogo, na chumvi nyingi ili usioze. Watoto wakaumba mbuzi na kuku.

Kesho yake walikuja wanne tu, wakifuatana na bibi wa mmoja wao, mfinyanzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nasikia mwalimu anafundisha kuchezea chakula."

"Ni somo la mikono, bibi."

"Na tumbo lina somo gani? Wenzao hawarudi mpaka unga huo uondoke."

Nilimweleza kwa kirefu faida za kuumba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Udongo nitaleta mimi," akasema. "Wewe usiuguse."

Watoto walirudi wote. Somo la mikono nikalifundisha nimesimama mlangoni, mikono nyuma, bibi akinisahihisha.