Bushi za Kuokwa

Kiwanda cha zana kilipouzwa kwa mwekezaji, mimi na mume wangu tulipunguzwa kazi siku moja. Tulikuwa mafundi wa idara moja pale Mbeya, idara ya kuunda vipuri kwa unga wa chuma. Mwekezaji hakuitaka idara hiyo. Alisema tukitaka tuondoke na magunia ya unga yaliyobaki, tanuri dogo la umeme na mashine ya kukamulia, maana kwake vyote vilikuwa takataka.

Tukarudi kwetu Makandana, pale Tukuyu, tukaanza kuunda bushi, zile pete za chuma ambazo mhimili wa mashine huzungukia ndani yake, kwenye chumba cha uani. Unga wa chuma tuliuchanganya na plastiki na nta juu ya moto mpaka ukawa donge zito, tukalikamua kwenye mashine likatoka kama bomba refu jeusi, tukalikata vipande. Vipande tulivipasha polepole ili nta na plastiki ziishe, kisha tukavifukia kwenye sanduku la chuma lenye vumbi la mkaa na kuvichoma kwenye tanuri. Chuma hakiyeyuki humo. Chembe zinashikana tu, na bushi inatoka imesinyaa, ngumu, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukiiloweka inakunywa oili, halafu inajilainisha yenyewe ikiwa kazini.

Mvua ndiyo iliyotutesa. Unyevu wa Tukuyu ukiufikia unga ule, kutu haikawii. Niliuweka kwenye madebe kando ya jiko, na wingu likitanda nilikimbilia madebe kabla ya nguo nilizoanika. Bushi za mwanzo zilipasuka, nyingine zikapinda. Mume wangu ndiye aliyenifundisha kulivuta donge kwa vidole nikajua kama limeiva. Siku hizo tulikuwa tunacheka sana.

Wenye mashine za kusaga wakaanza kuja. Mzee mmoja alishuka kutoka Ikuti kwa miguu ili ashukuru tu kwa kilugha, “Ndaga fijo, mwanangu. Mashine yangu imeacha kulia.”

Ndipo mume wangu akaanza safari za Tunduma. Mipaka ilikuwa imefunguliwa, kila mtu analeta kitu. Akarudi na katoni ya bushi za nje, zinang'aa.

“Zitadumu hizi?” nikamuuliza.

“Zisipodumu si watanunua nyingine?”

Akafungua duka la spea barabarani. Nilidhani atauza zake na zetu. Siku moja nikampelekea chakula, nikamkuta akimwambia mteja, “Zile za nyumbani? Mke wangu anaoka, kama maandazi. Chukua hii ya kiwandani.” Wakacheka wote wawili. Nikaweka bakuli juu ya kaunta, nikaondoka.

Aliporudi nikamwambia, “Baba watoto, umenidhalilisha mbele ya watu.”

“Biashara ni maneno, mama. Usiyabebe moyoni.”

Mtu mwingine angesema hivyo ningemsamehe. Huyu alijua kila hatua ya kazi ile.

Mtoto wetu wa mwisho akaugua homa ya mapafu, nikalazwa naye hospitali kule Igogwe. Tuliporuhusiwa nilikuta chumba cha uani kimejaa katoni mpaka darini. Mashine ya kukamulia na tanuri alikuwa ameviuza kwa watu wa vyuma chakavu. Unga ulimwagwa nje, mvua imeunyeshea, umegeuka tope jekundu.

“Ungeniuliza,” nikasema.

“Ulikuwa na mgonjwa. Sikutaka kukusumbua.”

Sasa nakaa dukani, naye anasafiri. Watu wanarudisha bushi zilizolika kabla hata mavuno hayajaisha, wananifokea mimi. Nawauzia nyingine. Nimezoea.

Nyumba mpya aliyojenga kwa pesa za duka imekwisha, ina bati la rangi. Ndugu zangu wakija wanaizunguka, wanagusa kuta, wananiambia nina bahati ya mume. Nawakaribisha ndani, napika, wanakula.