Askari Aliyengoja Kuitwa

Mimi sina subira, na sitajifanya ninayo. Mama yangu kule Kondoa husema nilizaliwa wa miezi minane kwa sababu huo wa tisa nilikataa kuungoja. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa dawati la wanafunzi wa udhamini katika chuo chetu cha ufundi hapa Dodoma, dawati ambalo kazi yake ni fomu, sahihi na kungoja mtandao urudi.

Wanafunzi wa udhamini ninaowasema ni askari wastaafu. Kuna mpango unaowasomesha ufundi baada ya kutoka jeshini: uashi, useremala, umeme, kila mtu na chaguo lake. Masharti ni machache lakini hayana mchezo. Kila mwisho wa mwezi natuma taarifa ya mahudhurio kwa ofisi ya udhamini. Aliyekosa siku kumi na nne mfululizo za masomo anaandikwa ameacha chuo, na udhamini wake unakatwa. Ukikatwa ndiyo basi, mtu hasomeshwi mara mbili. Anayeona ameonewa ana siku thelathini za kukata rufaa tangu tarehe ya barua ya kukatwa, na barua ya rufaa lazima iwe na sahihi tatu: ya mwanafunzi, ya mwalimu wake na ya kwangu.

Watu hudhani vijana ndio wasumbufu. Thubutu! Kijana ukimwambia lete fomu Jumatatu, analeta Alhamisi, unamfokea, mnamalizana. Mstaafu ukimwambia saa mbili, saa mbili kasorobo yuko mlangoni kasimama wima, na wewe hata chai hujanywa. Ukimwambia jaza kila mahali, anajaza mpaka pale palipoandikwa "kwa matumizi ya ofisi tu". Nimewachapia fomu upya mpaka nimechoka.

Huyu ninayetaka kumsimulia alikuwa koplo, miaka hamsini na kitu, Mgogo wa huku huku, mrefu, mpole mpaka anaudhi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa umeme wa majumbani. Siku anajiandikisha nilimuuliza kwa nini umeme, wakati wenzake wengi wakistaafu wanakwenda kulinda mageti ya watu. Akanijibu, "Madam, nimeshika bunduki miaka ishirini na sita. Sasa nataka kushika bisibisi." Kwao ni Ihumwa, na huko kila ukipita unakuta nyumba mpya imesimama. Ila bila cheti huruhusiwi kufunga nyaya kwenye nyumba ya mtu. Cheti hicho kilikuwa kimebakiza miezi michache tu.

Basi siku moja ikaja barua ya kukatwa kwa udhamini wake. Sikushtuka, maana niliyemwandika ni mimi: siku kumi na sita hajaonekana, ameacha chuo. Barua yenyewe ilichelewa njiani, ikachelewa tena chini ya mafaili yangu, na ilitakiwa afikishiwe mkononi asaini. Mhudumu wetu alikuwa likizo. Nikapanda bodaboda mpaka Ihumwa, jua linachoma, upepo wa Dodoma unanijaza vumbi mpaka kwenye meno, nami nalalamika njia nzima. Mtu unapewa nafasi ya bure, unaichezea! Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga.

Nikamkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake. Amevaa ovaroli ya bluu ya chuo, imenyooshwa kwa pasi, daftari liko mapajani. Ilikuwa saa nne asubuhi.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Hata kama nimekasirika, mkubwa ni mkubwa.

"Marahaba, madam." Akasimama. "Nimeitwa?"

"Umeitwa na nani? Wewe si umeacha chuo?"

"Sijaacha. Mwalimu alinitoa darasani, akasema nisirudi mpaka aniite yeye mwenyewe. Nangoja."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya nane."

Mke wake alikuwa akipita na ndoo ya maji. Akaitua chini akashika kiuno. "Hebu mwambie wewe, dada! Mimi kila siku namfulia nguo ya kukalia kigoda."

Yarabi toba! Nilitaka kucheka, nikataka kulia, nikaishia kufoka. Nikamwambia mzee, hakuna mwanafunzi Tanzania nzima asiyejua kwamba mwalimu akisema toka nje maana yake kesho uje umepoa. Mtoto wa darasa la pili anajua! Akanisikiliza mpaka nilipomaliza, kisha akasema taratibu, "Hakusema kesho. Alisema mpaka aniite."

Nikampa barua. Akaisoma mara mbili. "Kwa hiyo cheti basi?" akauliza. Hapo hasira yote ikanitoka miguuni, nikamwonea huruma mpaka nikakosa pa kutazama. Nikamwambia bado kuna rufaa, na zimebaki siku nne. Aandike tu kwamba mwalimu alimfukuza. Akatikisa kichwa. "Siwezi kumshtaki mkubwa wangu."

"Mkubwa wako? Yule kijana ana miaka ishirini na saba!"

"Ndiye mwalimu," akasema. Nikaona hapa nitapasuka, nikapanda bodaboda yangu nikarudi.

Mwalimu mwenyewe nilimkuta karakana anakula muhogo. Mwanzoni akaruka kimanga, hakumfukuza mtu. Nilipomkazia macho akakumbuka. Kumbe kila akimuuliza mzee swali darasani, mzee alikuwa anasimama kwa kishindo na kujibu "Ndiyo, afande!", na vijana nyuma wanavunjika mbavu. Yeye akadhani anachezewa. Siku hiyo, na njaa yake, akamwambia atoke asirudi mpaka amwite. Mzee akafunga daftari, akageuka nyuma kijeshi, akatoka. Ilipofika saa ya chai mwalimu alikuwa ameshasahau.

"Sasa dada, mimi ningejuaje kwamba mtu atakaa nyumbani miezi miwili?" akalalamika.

"Na ulipokuwa unamwandika hayupo, hayupo, hayupo kila siku, hukujiuliza?"

Nikaketi nikaandika barua ya rufaa, na wallahi niliandika barua nzuri. Kurasa mbili, kila kosa limewekwa mlangoni kwa mwalimu: hasira zake, kauli yake, usahaulifu wake. Akasaini amenuna. "Unanichoma, dada." Nikamwambia umejichoma mwenyewe, mdogo wangu, mimi nimeleta kiberiti tu. Nikasaini na mimi, nikaambatisha taarifa ya mahudhurio kama utaratibu unavyotaka. Ikabaki sahihi ya mzee.

Ningempigia aje chuoni, lakini chuoni hakanyagi, hajaitwa! Nikapanda tena bodaboda kwenda Ihumwa, siku moja kabla ya mwisho wa rufaa. Nikampa kalamu na kumwonyesha pa kusaini. Yeye akavaa miwani, akaanza kusoma kutoka neno la kwanza, kidole kinatembea chini ya mstari. Akamaliza barua. Nikadhani sasa anasaini. Akafungua viambatisho. Jamani, nani duniani anasoma viambatisho?

Kidole kikasimama kwenye taarifa yangu ya mahudhurio. Pale chini kuna kisanduku kimeandikwa: "Mwanafunzi amepigiwa simu kabla ya kuandikwa ameacha masomo." Nilikuwa nimeweka alama ya vema kwenye Ndiyo. Mbele yake nimeandika: hapatikani.

"Madam, hapa pamesema nilipigiwa simu."

"Hiyo ni kawaida ya fomu tu, mzee. Saini tuwahi."

"Sikupigiwa." Akatoa mfukoni simu yake ya kitochi, imefungwa mpira ili betri isidondoke. "Hii ilikuwa na chaji siku zote. Nilijua atakayeniita atapiga hapa."

Nieleze jinsi ilivyo. Mfumo ule ukiweka Hapana, unakataa kutuma taarifa. Ukiweka Ndiyo, unapita. Kupiga simu ni kazi, mwisho wa mwezi nina majina na majina, na vocha ofisi haitoi. Kwa hiyo miaka yote minne ya dawati lile nilikuwa naweka Ndiyo kwa kila mtu, kisha naandika hapatikani, kisha natuma. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata barua ya kumkandamiza mwalimu niliiandika bila kujifikiria mimi hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka.

"Siwezi kusaini karatasi yenye jambo ambalo halikuwa," mzee akasema, akanirudishia kalamu.

"Usiposaini unajimaliza mwenyewe! Kesho ndiyo mwisho!"

"Najua, madam."

"Kwa hiyo unataka nijiandike? Nijishtaki kazini kwangu?"

Alivua miwani akaifuta kwa kona ya ovaroli. Mke wake naye, aliyekuwa na maneno siku ile, safari hii aliendelea kupeta mtama wake.

Nilimchukia yule mzee. Nasema kweli. Nilirudi Nkuhungu kwangu nikagombana na kila nilichokishika: sufuria, mlango, watoto. Najitesa kwa mtu ambaye hataki kusaidiwa! Afadhali angenitukana, ningepata pa kumshikia. Lakini kila nikijiambia ni shauri lake, namwona amekaa kwenye kigoda wiki nane na simu mfukoni, wakati namba yake iko kwenye faili langu, ukurasa wa kwanza, mwandiko wake mwenyewe. Kumpigia kungenichukua dakika mbili.

Asubuhi nikafika ofisini kabla ya wafagiaji. Nikaongeza aya moja: "Mimi, afisa mhusika, sikumpigia simu mwanafunzi huyu. Niliweka alama ya Ndiyo bila kupiga." Nikachapa upya, nikamfuata mwalimu kwake, mtaa wa Kikuyu, asaini tena. Aliisoma ile aya, akaniangalia, akasaini. Nikapanda bodaboda ya tatu. Dereva akaniuliza, "Dada, una kiwanja huko Ihumwa?" Nikamwambia endesha.

Mzee akasoma yote tena tangu mwanzo, na viambatisho. Akasaini jina lake lote, herufi moja moja. "Sasa ni sawa," akasema. Hata asante hakunipa! Barua niliipeleka ofisi ya udhamini kwa mkono, saa tisa na nusu, wakati wanafunga madirisha.

Baada ya wiki mbili zikaja bahasha mbili. Moja ilimrudishia mzee udhamini wake. Nyingine ilikuwa yangu, barua ya onyo, ikae kwenye faili langu. Mkuu wa chuo alinisomea huku anashangaa. "Umejichongea mwenyewe. Nani alikuuliza?" Na hapo kazi haijaisha, kwa sababu barua haikuwa mwalimu. Ikabidi yule kijana naye apande bodaboda, aende asimame mbele ya kigoda aseme mzee, nakuita, na samahani. Kesho yake mzee alikuwa darasani kabla ya kengele. Mitihani alifanya, cheti akapata, na siku hizi ukijenga Ihumwa utaambiwa mtafute yeye.

Ofisini wakaanza kunisifu. Ooh, una moyo, wewe ni mkweli, wangapi wangefanya vile. Nikawaacha waseme hivyo. Sifa tamu, nani atakataa?

Halafu siku moja mtandao ukakatika tangu asubuhi, sina la kufanya, nikafungua kabati la mafaili ya zamani. Nikatoa yote yaliyoandikwa ameacha chuo. Yalikuwa tisa. Kila moja lina Ndiyo, kila moja lina hapatikani, mwandiko ni wangu. Sikujua nilitaka nini. Rufaa ni siku thelathini, na la juu kabisa lilikuwa la miaka mitatu iliyopita, la askari mmoja wa upande wa Bahi aliyekuwa anasoma useremala. Nikachukua simu nikapiga namba iliyokuwa ukurasa wa kwanza.

Ikaita mara mbili. Akapokea mwanamke.

"Haloo. Habari za huko, mama," nikasema. "Sijui nimempata mwenye namba hii?"

"Ni ya mume wangu." Kabla sijajitambulisha, akauliza, "Ni wa chuoni?"

Hakungoja nijibu.

"Alilazwa ule mwezi, mama, mguu ulimvimba. Akasema msiwe na wasiwasi, chuo wana namba yangu, watapiga tu. Subiri hapo hapo, usikate! Yuko huku nyuma na ng'ombe."

Nikamsikia akimwita kwa sauti, kwa Kigogo, mara mbili. Nikasikia mtu anaitikia kwa mbali, kisha miguu inakuja mbio.

Nikakata simu.