Neno Punguza Lilivyofika Zizini Kwetu

Wasomaji, kwanza nisameheni kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Nilisoma hadi darasa la nne tu, na mkono wangu unaandika polepole. Mbele ya watu huwa sisemi, hata nikiulizwa. Kwa hiyo haya nayaandika, maana kuyasema sitaweza.

Nataka kueleza neno punguza, maana yake na lilikotoka, kwa jinsi tulivyolijua sisi wa Kituntu.

Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, kina neno lake kwa jambo hilo, ila sijui kuliandika sawasawa kwa herufi nilizofundishwa. Bibi yangu alilitumia shambani mvua zikikaribia. Shina la mgomba likiwa na machipukizi mengi, aling'oa baadhi ili yaliyobaki yazae mikungu minene. Aliyoyang'oa hakuyatupa. Alimpa jirani aliyekuwa anafungua shamba jipya, naye jirani akashukuru. Pia tulilisema kwa mgonjwa, homa ikishuka. Kwa hiyo nilipokuwa mdogo nilidhani kupunguza ni jambo jema popote linapotajwa.

Neno la Kiswahili lilikuja na Bwana Mifugo. Alituitia baraza, akasimama juu ya kiti, akasema majani ya malisho yamekwisha, ng'ombe ni wengi mno, kila mwenye zizi apunguze. Watakaopunguzwa watapelekwa mnadani. Atapita mwenyewe kwenye mazizi kuangalia.

Mzee mmoja akauliza kutoka nyuma, "Bwana Mifugo, kwako una watoto wangapi?"

"Saba."

"Basi anza wewe kupunguza, sisi tutafuata!"

Watu walicheka hadi wengine wakashika mbavu. Bwana Mifugo hakucheka. Alisema atakayeficha ng'ombe atajibu mbele ya baraza.

Baba yangu alirudi nyumbani akiwaza. Hakuhofia ng'ombe wake tu. Zizini mwetu alikuwamo mmoja mwekundu mwenye pembe ndefu, ambaye hakuwa wa baba. Mama alipewa na baba yake siku ya kuolewa, akaja naye akimshika kamba. Maziwa ya ng'ombe huyo mama aliyasukasuka kwenye kibuyu, na siagi ilikuwa yake kuigawa apendavyo. Shamba lilikuwa la baba, nyumba ya baba, hata sisi watoto tulihesabiwa kuwa wa baba. Ng'ombe mwekundu tu ndiye mama aliyeweza kumwita wangu.

"Huyu asiguswe," mama alisema.

"Hataguswa, mama watoto. Nampeleka kwa ndugu yangu."

Ndugu huyo hakuzaliwa na bibi. Alikuwa mtu wa Nyakatuntu ambaye baba alichanjiana naye wakiwa vijana. Kwetu walifanya hivi: tunda la kahawa lina punje mbili zilizolala pamoja; kila mmoja alipaka punje yake damu yake, kisha mwenzake akaimeza. Waliokula kahawa hiyo hawanyimani, hawashtakiani, hawasemani vibaya. Anayevunja, ukoo wake unakwisha.

Baba aliwatoa mwekundu na wengine wazuri, akawapeleka huko, safari ya kulala njiani. Zizini akaacha vikongwe na wenye kuchechemea. Kuweka ng'ombe kwa rafiki ni desturi yetu ya zamani. Anayewatunza hunywa maziwa, na mwenyewe akitaka huwarudisha. Bwana Mifugo alipofika alikuta zizi dogo. Alichukua dume mmoja mkongwe, akaenda zake. Baba alicheka jioni yote. "Walitaka lipungue. Si limepungua?"

Mama naye alicheka. Nakumbuka, kwa sababu sikumwona akicheka tena kwa jambo la baba.

Mvua za vuli zilipokwisha, mama akataka ng'ombe wake arudi. Baba akaenda. Aliporudi, alirudi na kamba mkononi.

Mama alisimama mlangoni. "Yuko wapi?"

"Nyakatuntu nako walipita. Ndugu yangu aliambiwa apunguze."

"Akapunguza wa nani?"

Baba alikaa kwenye kigoda, akaomba maji.

"Baba watoto, nimekuuliza. Akapunguza wa nani?"

"Wetu. Wake hakuwagusa."

Huyo ndugu alikuwa amewatoa ng'ombe wetu kwanza, wote, kisha akamwambia baba kwamba amri ni amri. Na kilichopatikana mnadani alisema kimekwisha kwa kodi na ugonjwa.

"Mshtaki," mama alisema.

"Tulikula kahawa."

"Ulipobatizwa uliyaacha hayo."

"Niliyaacha. Yenyewe hayajaniacha."

"Mimi sikuila kahawa hiyo," mama akasema. "Nitakwenda mimi."

Alikwenda kweli, akavaa kitenge chake cha kanisani, nami nikamsindikiza. Wazee wa baraza walimsikiliza huku wakivuta viko. Mmoja akamwuliza ng'ombe alikuwa kwenye zizi la nani. Mama akasema la mume wangu, ila ng'ombe ni wangu, nilipewa na baba. Wakamwuliza mumewe yuko wapi. Akasema yuko nyumbani.

"Basi mama, mumeo hana shtaka. Shtaka lako tutaliweka kwenye zizi gani?"

Wakacheka. Nilitaka kusema kwamba siagi ilikuwa yake, kwamba sote tulijua. Mama alijitanda khanga yake vizuri begani, akasema, "Haya, kaeni salama," tukaondoka.

Sasa mjue nilivyolielewa neno hilo. Kupunguza kwa bibi kulikuwa na jirani mwenye shamba jipya mwishoni. Kwa Bwana Mifugo kulikuwa na majani ya malisho, na sitasema alidanganya, majani yalikuwa haba kweli. Lakini kila aliyeambiwa apunguze alitazama kwanza cha nani kiko karibu ambacho si chake. Bwana Mifugo alianza na baba, ndugu akaanza na sisi, baba akaishia kwa mama. Mama hakuwa na mtu wa kumpunguza.

Mwaka uliofuata ndugu yule alikuja kututembelea, akabeba mkungu wa ndizi. Baba alimpokea kwa mikono miwili. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, "Marahaba mwanangu, umekua!" Mama alimenya ndizi zile, akazipika, akawaandalia. Alipoulizwa kama hakuna maziwa ya kushushia, alijibu kwa sauti ya kawaida, "Hakuna." Mgeni akala, akashiba, akasifu mapishi. Mama aliketi jikoni peke yake, chakula chake hakukigusa.

Ninyi mnaosoma, wa Kyerwa, wa Bukoba na wa mbali, kama kwenu mke aliwahi kurudishiwa ng'ombe wake aliyetolewa hivyo, niandikieni kupitia gazeti hili. Nielezeni alisema nini mbele ya wazee, na nani alisimama naye. Mama yangu yuko hai. Nitamsomea.