Nilivyogundua kwa nini kansa iliwamaliza akina mama wa Kibarbaig enzi za mashamba ya ngano Hanang

Wakuu, heshima zenu. Mlionizidi umri, shikamooni. Haya niliyaona kwa macho yangu, asiyeamini apite tu.

Enzi za mashamba ya ngano ya serikali nilikuwa nesi kwenye zahanati moja Hanang. Mwiraqw wa Tlawi mimi, nimesoma, najiona mjuaji balaa.

Kansa ya shingo ya kizazi haikuchagua mwanamke. Ila mke wa mtaalamu wa Kizungu wa pale shambani akiona damu alipimwa, gari la shamba likampeleka hospitali kubwa, akarudi anacheka. Mama wa Kibarbaig alirudi kwao, tukaja kusikia msiba.

Daktari alisema, "Mila zao hizo, Sista. Wanachelewa."

Iliniuma. Jumapili moja baada ya misa nikakaa na madaftari ya wagonjwa, nikasoma jina kwa jina.

Jamani! Walikuwa wamekuja mapema! Ila mbele ya majina yao imeandikwa: "Amekataa kupimwa." Kwingine mwandiko ni wangu. Nililia, sioni aibu kusema.

Wiki hiyo akaja Mama Gidabasa, damu imeanza juzijuzi. Kwa mazoea nikamwambia vua, panda kitandani. Akageuka aondoke.

Nikamwahi mlangoni. "Mama, samahani. Kwa nini unakataa?"

Akanijibu kwa Kiiraqw kizuri kushinda changu: "Nani amekataa? Sketi hii ya ngozi ni heshima ya mwanamke aliyeolewa. Siivui nikaitundika kwenye msumari wako. Ungeniuliza, ningeifunua."

Wakuu, ndiyo hivyo tu. Kuifunua!

Nikampima na sketi yake mwilini. Uvimbe ulikuwa bado mdogo. Dereva wa gari la shamba akaleta maneno eti gari ni la wataalamu tu. Nikapanda na mgonjwa wangu, nikamwambia, "Washa." Akawasha!

Alifanyiwa operesheni, akapona kabisa.

Daktari akakubali yaishe. Tukaanza kuwapima wote na sketi zao.

Alivyopata nguvu, Mama Gidabasa akatokea na akina mama benchi zima, wote na sketi za ngozi. Akanitania, "Nesi, nimekuletea wanaokataa."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Siku ile hakuna aliyerudi bila kupimwa.

Nilichojifunza: kabla hujaandika kwamba mtu amekataa, muulize kwanza anakataa nini.

Manesi na madaktari wa humu, nyie mliandika nini kwenye madaftari yenu? Semeni ukweli, hata kunisema mimi ruksa.