Swali la Nne la Mama Wembe

Chunya jua linawaka tangu saa mbili asubuhi, lakini hakuna mji unaonunua masweta kama huu. Wauza mitumba wa Iyunga, kule Mbeya, walishangaa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili wakaacha kushangaa, wakapandisha bei. Ukimwona mwanaume saa saba mchana kavaa masweta mawili na kofia ya sufu, na jasho halimtoki, ujue huyo ameshatoa damu.

Dhahabu ya huku haitoki kwa sururu peke yake. Damu ya mtu ikidondoka kwenye mdomo wa duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, shimo linafunguka na mshipa unajionyesha ukutani, unang'aa kama mafuta ya samli. Shimo lina sharti moja tu: damu itolewe kwa hiari. Ya kuiba au ya kulazimishwa inakauka palepale juu ya jiwe. Ile inayokubaliwa inaondoka na joto la mwenyewe. Chale ya kwanza, unanunua sweta. Ya tano, unalala na mablanketi matatu. Ya saba, unazikwa mikono ikiwa kwapani, maana hakuna aliyeweza kuikunjua.

Serikali ya kijiji ilipoona watu wanaganda kwenye joto, ilifanya kile inachokijua: iliunda kamati. Mwenyekiti akawa Amos, mwalimu mstaafu, aliyechongesha muhuri kabla hata kamati haijakaa kikao. Kanisa nalo lilikemea Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya nne lilikuwa linapauliwa upya kwa bati jekundu, na mahubiri yakahamia kwenye uzinzi.

Aliyeshika wembe ni Severina, Mhehe wa Iringa, aliyeletwa huku na ndoa miaka ishirini na mbili iliyopita. Wachimbaji wanamwita Mama Wembe. Kazi yake safi: maji ya moto, wembe mpya, halafu maswali matatu ambayo kamati iliyapiga chapa kwenye fomu.

"Damu hii ya nani?"

"Yangu."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Unatoa kwa moyo mweupe?"

"Mweupe."

Kwa maswali hayo matatu Severina alilala usingizi mzuri miaka yote. "Mimi nauliza," alikuwa akisema. "Wao ndio wanaojibu." Hakuwahi kuvaa sweta. Liberatus, mwenye maduara matatu, naye hakuwahi. Yeye alitembea na shati la mikono mifupi, na ofisini kwake feni mbili zilimpuliza huku na huku.

Jumanne moja, aliyekaa kwenye kigoda cha kuchanjiwa alikuwa Zabron, mume wa Severina. Mkononi ana chale sita, zote kazichora mkewe. Mbili za mwisho alizichora huku akiimba pambio. Baada ya ile ya sita walikubaliana basi, imetosha.

"Baba Yusta, inuka hapo."

"Niinuke niende wapi? Fanya kazi yako, mama."

"Ni ya saba."

"Najua kuhesabu. Yusta kabakiza mwaka mmoja pale chuoni Iringa. Akimaliza uuguzi atakuja kunipima homa."

Wachimbaji kwenye foleni wakaangua kicheko. "Homa utaitoa wapi, Zabron? Wewe na samaki wa kwenye friji mna tofauti gani?"

Liberatus alikuwa amesimama kivulini. "Dada Severina, usinitazame hivyo. Shemeji, mimi nimekulazimisha?"

"Hujanilazimisha, bosi."

"Umesikia? Ningelazimisha, si shimo lenyewe lingekataa? Na wewe kama umechoka, sema. Machimbo ya jirani kuna mama anachanja vizuri tu, na haongei."

Huyo mama wa jirani ndiye aliyemmaliza Severina. Yeye Severina akinawa mikono na kuondoka, Zabron atakaa kwenye kigoda hichohicho mbele ya wembe mwingine. Akauliza maswali yake matatu. Zabron akajibu haraka haraka. Ngozi yake ilikuwa kama sufuria iliyolala nje. Wembe ukapita, damu ikachelewa kutoka, halafu ikatoka, tone moja zito likateremka hadi kwenye kiwiko na kuning'inia juu ya shimo.

"Na usipotoa leo," Severina akasikia mdomo wake ukisema, "tutakula nini?"

Amos akapekua fomu. "Hilo halimo humu."

"Zabron, jibu."

"Si unajua!"

"Sijui. Sema, shimo lisikie."

Zabron akapaza sauti. "Tutakula nini! Asiyetoa haruhusiwi kushuka shimoni tena, huyo bosi hapo kasema mwenyewe. Yusta atarudishwa. Ungenionyesha njia nyingine, ningekaa hapa nichekwe? Eti moyo mweupe. Nimekosa pa kwenda, mama Yusta!"

Tone likaanguka. Likakauka juu ya jiwe kama mchuzi uliomwagikia jiko. Shimo halikufunguka.

"Umefanya nini?" Liberatus akauliza.

"Nimeuliza."

Wa pili kwenye foleni, Sedekia, mwenye chale tano, alikuwa anatazama lile doa. Akasema taratibu, bila hasira, "Sasa dada, mbona mimi hukuniuliza?" Kisha akaongeza, "Na Vitus je?"

Vitus walimzika Mei, mikono kwapani. Severina akauweka wembe chini. Miaka yote hiyo ya kuchanja, na swali lilikuwa jepesi hivyo.

Kamati ilimfukuza siku ileile kwa kosa la kuuliza swali lisilo kwenye fomu. Barua ina mihuri miwili. Yule mama wa jirani akaletwa. Walimjaribu Zabron tena, damu ikakauka tena: shimo likishasikia, limesikia. Kwa hiyo Zabron yuko hai na hana kazi. Yusta amerudi nyumbani, na baba yake hasemi na mama yake ila kuomba chumvi.

Severina sasa anauza chai ya tangawizi karibu na foleni, mahali ambapo shimo linasikia. Kila anayenunua, yeye anamuuliza lile swali, na kwa sababu hiyo wengi wameacha kununua. Wanasema chai yake ina maneno mengi. Walimwaga birika lake mara mbili.

Jumanne iliyopita Sedekia alikuja, amevaa masweta manne. Ilikuwa zamu yake ya sita. Akakishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Dada, nakuomba. Leo usiniulize. Nina watoto wanne."

Severina akamwongezea sukari, akakoroga mpaka ikayeyuka yote. Halafu akamuuliza.