Kivuli Pembeni mwa Namba Sita

Mama Pacha aliingia kwenye chumba cha kurekodi na ndoo na tambara, na hakuna aliyedhani angebaki humo kwa kazi nyingine. Alikuwa mfagizi. Shule yake iliishia darasa la saba, lakini macho hayaendi shule. Siku moja, akipangusa vumbi nyuma ya kompyuta ya pili, alimgeukia fundi akasema, "Mzee, huyu msomaji wa habari ameachama tangu nianze kufagia. Anapiga miayo au ndiyo ameshatutoka?"

Fundi aliruka kitini kama aliyeng'atwa na siafu. Picha ilikuwa imeganda nusu saa nzima, naye alikuwa akisinzia. Kesho yake akamwekea Mama Pacha stuli kando ya kiti chake, na ufagio ukapata mwenyewe mwingine.

Kazi yenyewe ilikuwa kurekodi vituo vitatu vya televisheni, asubuhi hadi usiku, ili mteja akitaka kujua amesemwaje hewani apelekewe. Kompyuta zilikuwa tatu, kuukuu, kila moja na kadi ya televisheni tumboni mwake na waya wa antena ukitoka mgongoni kama mkia. Fundi, ambaye jina lake hata mkewe alikuwa amelisahau, aliitwa Megabaiti, kwa sababu alipima kila kitu kwa ukubwa wake. Ukimsalimia habari za nyumbani, atakujibu, "Nimejaa, binti yangu, imebaki nafasi ndogo ya chai."

Ndiye aliyemfundisha. Alimwambia picha ni kama maji kwenye mpira. Ukifungua megabiti sita kila sekunde, inapita nono, ila saa moja tu inakula karibu giga tatu za diski. Ukibana hadi mbili, haili hata giga moja, ila imekonda. "Na kompyuta ukiinyima, haianzi kula uso wa mtu," alisema, kidole juu. "Inaanza kula kivuli. Palipo na giza, penye ukungu, penye mvua. Yenyewe inaona hapo hakuna atakayetazama."

Mume wa Mama Pacha alikuwa mfungua milango ya bwawa, mwendo wa nusu siku kutoka mjini. Alilala kwenye nyumba za wafanyakazi, chini ya ukuta wa udongo uliooteshwa majani, na kuja nyumbani mwisho wa mwezi. Pacha wao, wa mwaka mmoja na nusu, walimjua zaidi kwa sauti. Simu ikilia walikuwa wakigombania kuilamba.

Kisha mvua ikaanza kunyesha, ikasahau kuacha.

Siku ya sita ya mvua, kituo cha pili kiliweka kamera kwenye kilima kinachoelekeana na ukuta wa bwawa. Kila saa saba mchana, kwenye habari, walionyesha ukuta kwa dakika kumi huku msemaji akisema, "Ukuta uko imara, wananchi waondoe hofu." Mama Pacha hakumsikiliza. Alitafuta bati la buluu la nyumba ya mumewe. Akilipata, macho yalipanda yenyewe kwenye ngazi za saruji zilizoteremka ubavuni mwa ukuta, zenye namba nyeupe, moja juu na tisa chini. Siku hiyo ya kwanza alizisoma zote. Pembeni mwa namba sita aliona doa la unyevu, upana wa mkeka.

Siku hiyohiyo, jioni, meneja alikuja na lake.

"Diski zinabeba majuma mawili tu," alisema. "Wateja wanataka majuma sita. Shusheni megabiti kutoka sita hadi mbili."

"Bosi, picha itaharibika," alisema Megabaiti.

"Jaribu nione."

Wakajaribu. Alikuwepo msomaji wa habari, amekaa wima kama sanamu. Meneja akainama mikono kiunoni. "Mbona naona hadi shanga za shingoni! Nyie mafundi mna maneno kama cherehani." Akabandika karatasi juu ya skrini, USIGUSE, akaondoka na neno la siri, ili mtu asiweze kufuta chochote diskini bila yeye.

Megabaiti alimtazama mgongo hadi mlango ukafungwa. "Amepima kwa mtu aliyekaa," alinong'ona. "Angepima kwa mvua."

Kesho yake ngazi za bwawa hazikuwa na namba. Zilikuwa mstari mmoja mweupe uliotepeta. Mvua ilikuwa vumbi la kijivu, na pale palipokuwa na mkeka wa unyevu palikuwa na miraba, mikubwa, ikicheza na kutulia, kutulia na kucheza. Na kadi zile zilikuwa za aina ambayo hata unachotazama hapo hapo kimeshabanwa. Huwezi kuchungulia picha yenyewe kabla haijakondeshwa. Mama Pacha alisogeza stuli hadi pua ikakaribia kioo. Miraba ilikuwa mipana kuliko ule mkeka wa jana, au macho yake?

Alimwita meneja. Meneja akacheka. "Hiyo ni miraba ya kompyuta, mama. Au nawe umekuwa mhandisi?"

Akampigia mumewe, akamweleza juu ya doa la namba sita.

"Mama watoto," alisema yeye, na mvua ikisikika nyuma yake kama mahindi yanayokaangwa, "wewe unautazama ukuta kwenye televisheni. Mimi nimesimama juu yake."

"Ndiyo maana huoni tumbo lake, Baba Pacha. Nani ameteremka zile ngazi juma hili?"

"Zinateleza. Tumekatazwa. Unyevu si neno. Ukuta wa udongo lazima utoke jasho. Maji yakitoka meupe, hayo ni jasho. Yakitoka na tope, basi ukuta unajila kutoka ndani, na hapo hakuna cha kuulizana. Lakini hakuna tope. Lala, mke wangu."

Nyumbani, mama mkwe alikuwa akiwabembeleza pacha, mmoja kila paja. "Mwanangu amekulia kando ya maji," alisema bila kuulizwa. "Maji yanamjua." Mama Pacha hakupenda lilivyotoka lile neno. Usiku ule alitandika kitanda upande wa mumewe pia, kisha akajiuliza kwa nini.

Siku mbili zikapita hivyo. Miraba ikapanuka, au haikupanuka. Hilo ndilo lililomla: kama ni kompyuta, anawatia watu hofu bure, kama si kompyuta, bati la buluu liko chini ya ukuta huo.

Siku ya tatu, saa saba kasoro dakika tano, alinyanyua karatasi ya USIGUSE.

"Binti yangu," alisema Megabaiti, bila kumshika mkono. "Diski ya mashine hiyo imebakiza giga mbili. Kwa megabiti mbili inafika saa tisa na ushee. Ukifungua nane kwa dakika kumi, itajaa kabla ya saa tisa. Na saa nane mheshimiwa, mteja wetu mkubwa, anahutubia kwenye kituo hiki saa nzima. Itakatika mkiani, na wewe utakatika nayo."

"Mzee, ungekuwa na mtu pale ungefanyaje?"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ningeweka nane," alisema.

Mama Pacha akaweka nane.

Habari zikaanza. Ukuta ukaja. Ilikuwa kama mtu amepangusa dirisha. Matone ya mvua yakaonekana moja moja. Majani yakaonekana. Namba zikarudi, moja, mbili, tatu, akizihesabu kwa sauti kama anayefundisha pacha. Namba sita. Doa halikuwa tena mkeka. Liliteremka hadi namba nane, jeusi, limevimba, na pale kwenye namba saba kitu kilikuwa kikichuruzika, kinene, chenye rangi ya chai ya maziwa.

"Ukuta uko imara," alisema msemaji.

Megabaiti alikuwa amesimama.

Simu ya mumewe iliita mara tano.

"Nipo kazini, mama wato—"

"Ni tope."

"Namba ngapi?" aliuliza mumewe, na sauti yake haikuwa ile ya siku zote.

"Saba. Mara ya kwanza ilikuwa unyevu tu kwenye sita. Nimeiona kwa macho yangu, Baba Pacha, si miraba. Inachuruzika."

"Kata simu. Nianze nyumba za chini."

Akakata. Megabaiti alirudisha mbili. Saa nane mteja mkubwa akapanda jukwaani. Saa nane na dakika arobaini na ushee diski ikajaa, na picha ikasimama. Mheshimiwa akabaki ameachama, mkono hewani. Meneja aliingia wakati huohuo, koti linachuruzika.

"Nani amegusa?"

"Mimi," alisema Mama Pacha, na simu ikalia mkononi mwake. Akampa meneja mgongo, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

"Tumetoka," alisema mumewe, akihema. "Wote, hadi yule bibi wa mpishi, nimembeba mgongoni. Tuko kilimani, hapa kwenye kamera yao."

Akakaa chini sakafuni. "Na ukuta?"

"Bado umesimama."

Akasikia watoto wakilia kule, na mtu akiita majina, moja baada ya jingine, na kila jina likiitikiwa. Kisha watoto wakanyamaza, wote kwa pamoja. Nyuma ya mvua kukaja sauti nyingine, ya chini, ndefu, kama lori linalopanda mlima ambalo halifiki.

"Baba Pacha, hiyo ni nini?"

"Usikate simu," alisema tu, taratibu. "Usikate."