Siku Niliyompa Bibi Arusi Saratani

Jamani, hili bora mlisikie kwangu, maana wenzangu wa kliniki za ngozi mpaka leo wakiniona wanajifanya wanakohoa. Niliaibika, na nilijitakia mwenyewe.

Tulikuwa na mafunzo ya siku tatu pale Gombani, sisi madaktari wa ngozi, tunajinoa upya kuhusu saratani. Mkufunzi, mama mmoja mtaratibu aliyetoka bara, alitukumbusha kwamba kwetu sisi weusi maradhi haya hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, basi mgonjwa asiondoke bila kutazamwa huko. Siku ya tatu kila mmoja wetu alitakiwa alete mgonjwa wake aliyeridhia, nami nikamleta Bi Mize wa Makangale, mjane wa miaka sabini na kitu, ambaye namtibu muwasho wa mgongo mwaka wa pili sasa (na nilijiona namjua nje ndani).

Mgongo tukautazama, ukaisha. Ningenyamaza hapo! Lakini mkufunzi alikuwa anakuja upande wetu, nikataka anione, nikapaza sauti, "Bi Mize, vua soksi tukuangalie nyayo."

"Guu halina kitu, mwanangu."

"Vua tu, bibi."

"N'na haya mie."

Nikamwambia hapa hakuna haya, hapa ni elimu (maneno hayo nikiyakumbuka nataka kujizika), akavua. Unyayo wa kulia una doa jeusi, ukubwa wa ukucha wa gumba, kingo hazilingani, huku jeusi tititi na huku kahawia, yaani mambo yote tuliyofundishwa jana yake, basi mimi kichwa kikavimba, sikuuliza hata neno moja, nikawageukia wenzangu nikaanza kuwahesabia dalili na mwisho nikalitaja lile jina. Saratani! Ukumbi mzima umesikia, na Bi Mize kasikia.

Halafu akauliza, "Ntakufa?" na kabla sijajibu akanishika mkono. "Basi nniitie Mzee Faki."

"Mzee Faki ndiye nani?"

"Mume wangu."

"Mumeo si alishakufa, Bi Mize?" (Kwa sauti ile ile!)

"Huyu alonioa Ijumaa," akasema, machozi yanamtiririka. "Hata watoto bado sijawaambia."

Nyuma watu wakaangua kicheko, kisha wakaona vibaya wakanyamaza. Mkufunzi akaketi chini sakafuni, akaupakata ule mguu, akamwuliza polepole, "Bibi, hapa ulipaka kitu?" Ndipo akasema kwa kunong'ona kuwa alimwomba shoga yake amchoree kiua kimoja tu cha piko, ile rangi nyeusi ya kupambia maarusi, pahala watu hawapaoni, na shoga macho hayamsaidii tena, kiua kikavurugika, wakacheka wakaacha. Piko! Mimi mwanamke wa Pemba, niliyechorwa piko kila arusi tangu utotoni, sikulitambua piko kwa sababu nilishaamua kwamba bibi wa miaka sabini hawezi kuwa bibi arusi.

Mkufunzi hakunigombeza. Alisema tu kwamba hata hivyo tusifanye mchezo, litazamwe tena baada ya wiki tatu, na lisipotoka likatwe kipande likapimwe.

Sikungoja aje kliniki. Wiki tatu zilipotimia nilikwenda mwenyewe Makangale, nikamkuta na huyo Mzee Faki, mzee mwembamba mwenye haya, akaleta bakuli la maji akamwosha mguu mkewe kwa mkono wake, akanigeuzia unyayo. Safi, hakuna kitu. Nikasema, "Ni piko tu, limetoka lote," na yule mzee akafunika uso kwa kanga ya mkewe, akalia.

Nikamwomba Bi Mize radhi. "Nshakusamehe, mwanangu," akasema. "Watoto nimewaambia, wamecheka tu. Lakini huyu, kila alfajiri akitoka kusali alikuwa akija kulipima hilo doa kwa ukucha wake, kesha ananambia limepungua, na mie naona halijapungua."

Basi fungate yao yote niliila mimi. Watu wawili wametafutana uzeeni wakapatana, na wiki tatu za mwanzo za ndoa yao wamezimaliza wanatazama unyayo, kwa kuwa mimi nilitaka kusifiwa. Siku hizi mgonjwa akiingia naketi, namwuliza habari za nyumbani, na namwacha ajibu mpaka amalize, hata kama foleni imefika barazani.